Sema Kero Yako, Kamera Inawaka

Tanzania Bara ilimpata mwendesha kipindi cha makabiliano kabla haijapata televisheni. Aliitwa Augustino Lyatonga Mrema, mzaliwa wa Kiraracha, Vunjo, na studio yake ilikuwa ofisi ya Waziri wa Mambo ya Ndani. Kati ya mwaka 1990 na 1994 ofisi hiyo iligeuka kimbilio la kila aliyeona amedhulumiwa: mfanyakazi aliyenyimwa mshahara na tajiri wake, mama aliyefukuzwa na mumewe, mjane aliyeporwa shamba na mashemeji. Mrema alisikiliza, akafoka, akaamua. Amri yake ilijulikana mpaka kwa watoto wa shule: siku saba. Ukishapewa siku saba na Lyatonga, ama ulipe deni ama uhame mji.

Enzi hizo redio ya kusikiliza Bara ilikuwa ya serikali, na picha inayotembea watu waliiona kwenye kanda za video za kuazimana. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Huku kwetu Mwalimu Nyerere aliiona ni anasa, na tukakaa bila televisheni mpaka 1994. Kwa hiyo sifa za Mrema zilisambaa kwa mdomo. Aliyerudi Moshi kula Krismasi alikuja na kisa kipya cha Mrema na bosi fulani wa Dar es Salaam, na kisa kilipofika kata ya tatu ya mbege kilikuwa kimeshaota mbawa.

Ninaanza naye kwa sababu sisi tunaoandika juu ya vipindi vya watu kuumbuana hewani tunapenda kuanzia Marekani, kana kwamba mtindo huu tuliletewa pamoja na king'amuzi. Sidhani. Studio zetu ziliujaribu, nyingine zikachoka, nyingine zikazimwa. Aliyeufikisha mbali ni kiongozi wa serikali, na leo ukitaka kuuona ukiwa na nguvu zake zote usiutafute kwenye chaneli yoyote. Nenda uwanja wa mpira siku mkuu anapokuja kusikiliza kero.

Au kaa saluni. Kata ya Shirimatunda iko magharibi mwa Manispaa ya Moshi, upande wa Karanga, na wengi wanaoishi hapo kwao hasa ni juu mlimani: Kibosho, Machame, Uru. Kwenye saluni moja ya kiume, jioni, televisheni ya ukutani ilikuwa ikionyesha mechi bila sauti. Sauti ilitoka kwenye simu ya kinyozi iliyoegemezwa kwenye kopo la poda. Kwenye simu, mkuu mmoja yuko jukwaani, mama aliyejifunga kitenge ameshika kipaza sauti, na afisa ardhi amesimama kati yao mikono ikiwa nyuma. Mama anasoma namba ya kiwanja kutoka kwenye karatasi iliyochakaa mikunjoni. Kinyozi amezima mashine. Mteja, kichwa kimenyolewa nusu, halalamiki. Naye anataka kusikia. Mkuu anamuuliza afisa swali lile lile mara tatu, kila mara kwa sauti ya juu zaidi, na kila afisa anapofungua mdomo uwanja unamzomea. Mwishowe linatoka neno: polisi wamchukue kwa mahojiano. Saluni ikalipuka kwa kicheko na makofi. Meku mmoja, yaani mzee, kwenye benchi akauliza, sasa kiwanja amepewa nani? Hakuna aliyejua. Video ilikuwa imeishia pale polisi walipomshika mtu mkono.

Swali la meku yule limenikaa, na nitalirudia nikishapita kwenye historia, maana historia yenyewe ina utamu wake.

Mwaka 1994 milango ya matangazo ilifunguka na ITV ya Reginald Mengi, mzaliwa wa Machame, ikaanza kurusha picha. Mwaka uliofuata wagombea urais wanne, Benjamin Mkapa, Mrema, Ibrahim Lipumba na John Cheyo, walikaa pamoja Hoteli ya Kilimanjaro, Dar es Salaam, wakaulizwa maswali nchi ikiwatazama. Mrema alikuwa ameshahamia NCCR-Mageuzi, na mashabiki wake walikuwa na desturi ya kulisukuma gari lake kwa mikono njia nzima. Lakini mezani si uwanjani. Aliyezoea kuuliza na kuhukumu sasa alikuwa anaulizwa, mbele ya profesa wa uchumi na mwanadiplomasia, na mkao haukumfaa. Mkapa alishinda kwa asilimia 61.8, Mrema akapata 27.8. Tangu hapo hakuna mgombea urais wa CCM aliyekubali kukaa tena meza moja na wapinzani wake, nasi tumezoea kiasi kwamba hatuulizi.

Zikaja studio za hoja. ITV ilikuwa na Malumbano ya Hoja na Kipima Joto. Channel Ten ilikuwa na Je, Tutafika? cha Makwaia wa Kuhenga, na Jenerali Ulimwengu alikuwa na kipindi chake cha Jumatatu usiku kwenye chaneli hiyohiyo. Star TV ya Mwanza iliwaamsha watu kwa Tuongee Asubuhi. Vilikuwa vipindi vya watu wazima: wageni walikatizana, walipandishiana sauti, lakini mada ilikuwa mkataba wa madini au bei ya kahawa, na aliyeshindwa alirudi nyumbani na heshima yake.

Mengi mwenyewe ndiye aliyeonyesha kwamba kamera inaweza kutumika kama rungu. Aprili 2009 aliitisha waandishi, akawataja kwa majina wafanyabiashara watano na kuwaita mafisadi papa, na televisheni yake ikayarusha. Siku chache baadaye Rostam Aziz, mmoja wa waliotajwa, akajibu naye mbele ya waandishi kwamba fisadi hasa ni Mengi, tena fisadi nyangumi. Serikali ikamkemea mwenye televisheni, wengine wakazungumzia mahakama, na kwa wiki kadhaa watu waliokuwa hawajawahi kuiona bahari walijadili ukubwa wa samaki. Sikumbuki kipindi chochote cha studio kilichowahi kupata watazamaji wa namna hiyo.

Isipokuwa Bunge. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alisimama Dodoma kutangaza kujiuzulu kwa sakata la Richmond, na watu waliokuwa baa, hospitali na stendi walimwona akisema. Novemba 2014 ikawa zamu ya sakata la Escrow. Mwezi huohuo, tarehe 2, mdahalo wa Katiba ulioandaliwa na Taasisi ya Mwalimu Nyerere pale Ubungo Plaza uliishia kwa viti kurushwa wakati Jaji Joseph Warioba akizungumza, kamera zikiwa zinawaka. Moshi tulikuwa na sababu ya ziada ya kutobanduka mbele ya skrini. Mbunge wa mji tangu 2000 alikuwa Philemon Ndesamburo wa Chadema, na jirani yetu wa Hai, Freeman Mbowe, ndiye aliyekuwa Kiongozi wa Upinzani Bungeni. Kikao cha bajeti kilitazamwa huku kama watu wanavyotazama Simba na Yanga.

Januari 2016 Waziri wa Habari, Nape Nnauye, aliliambia Bunge kwamba TBC haitaonyesha tena vikao vyote mubashara. Gharama, alisema, zilikuwa kubwa. Wapinzani wakagoma kukaa, polisi wakaingia ukumbini kuwatoa. Badala yake tukapewa vipande vilivyochaguliwa, usiku. Naomba msomaji aishike tarehe hiyo, kwa sababu hamu ya watu kutazama makabiliano haikukatwa pamoja na matangazo. Ilitafuta pa kwenda.

Kabla ya kufika ilikokwenda, tuwatazame Wamarekani: wao walianza na mtu mpole. Mwaka 1967, mjini Dayton, Ohio, Phil Donahue aliinuka kwenye kiti chake, akashuka na kipaza sauti kati ya watazamaji, akawaachia wao maswali. Mambo yaliyokuwa yakinong'onwa jikoni yakasemwa mchana kweupe. Miaka 20 baadaye Morton Downey Jr. akaja na sigara mkononi, akiwafokea wageni wake na kuwapulizia moshi. Hakudumu hata miaka mitatu hewani. Mwaka 1988 kiti kilichorushwa kwenye kipindi cha Geraldo Rivera kilimvunja pua mtangazaji mwenyewe, na watazamaji wakaongezeka. Wazalishaji walifanya hesabu. Tamthilia inadai waigizaji, waandishi na mavazi. Watu wawili wenye kisirani wanadai tiketi ya ndege na chumba cha hoteli.

Jerry Springer ndiye aliyeifikisha hesabu hiyo mwisho wake, na njia aliyoipitia inatuhusu. Alizaliwa London mwaka 1944, ndani ya kituo cha treni ya chini ya ardhi ambako watu walijificha mabomu, wazazi wake wakiwa Wayahudi waliokimbia Ujerumani. Alikuwa mwanasiasa. Mwaka 1974 alijiuzulu udiwani Cincinnati baada ya kubainika alimlipa kahaba kwa hundi yenye jina lake, akakiri hadharani, wananchi wakamrudisha, na kufikia 1977 alikuwa meya. Kipindi chake kilipoanza 1991 kilikuwa cha siasa na kilidoda. Kikageuzwa: mke na hawara, ndugu na ndugu, walinzi wenye misuli tayari pembeni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kilikuwa kinamtoa jasho Oprah Winfrey kwa idadi ya watazamaji, na kilidumu misimu 27, hadi 2018. Springer alifariki Aprili 2023.

Yeye angalau alikuwa na kitu kimoja ambacho waigaji wake walikitupa. Kila kipindi kilipoisha alikaa peke yake mbele ya kamera na kutoa neno la kufunga, la busara na huruma. Wengi waliliona unafiki, mtu kuwasha moto kisha kuhubiri juu ya hatari za moto. Mimi nadhani alijua kuwa ugomvi usiofungwa na mtu ni hatari, ila hakuwa na muda wala nia ya kuufunga kweli. Gari la hoteli lilikuwa linasubiri nje.

Hatari hiyo haikuwa ya kinadharia. Machi 1995 mgeni mmoja wa The Jenny Jones Show alimfichulia rafiki yake wa kiume, mbele ya kamera, kwamba anampenda. Siku tatu baada ya kurekodi, rafiki huyo alimpiga risasi akamuua. Kipindi hakikurushwa. Uingereza, Mei 2019, ITV ya kule ilikifuta The Jeremy Kyle Show, kilichokuwa hewani tangu 2005, baada ya mgeni aliyeambiwa ameshindwa kipimo cha uongo kukutwa amekufa. Bunge la Uingereza likaanza kuuliza wageni hutunzwaje taa zikizimwa, swali lililochelewa kwa takriban miaka 30.

Majirani zetu Kenya nao walilipa. Novemba 2016 Jeff Koinange wa KTN aliwakalisha pamoja Miguna Miguna na Esther Passaris, wote wakiutaka ugavana wa Nairobi, na Miguna akamtolea mwenzake maneno ambayo siyarudii kwenye gazeti la familia. Mwendeshaji alilaumiwa kwa kucheka pale alipotakiwa kusimamisha. Kipindi kilikufa ndani ya siku chache, kikafufukia Citizen mwaka uliofuata. Lakini Kenya hiyohiyo ina Patanisho ya Radio Jambo, ambamo mwanamuziki Gidi na kocha wa zamani wa Harambee Stars, Ghost Mulee, wamekuwa wakimpigia simu mke aliyeondoka ili mume aombe msamaha nchi nzima ikisikiliza. Ni umbea, bila shaka. Mara nyingi mke anakata simu, mara nyingine anafichua mengine matatu. Ila nia iliyotangazwa ni kupatanisha, na watangazaji hujaribu.

Kwetu umbea ulianzia magazetini. Global Publishers walikuwa na kikosi walichokiita OFM, Operesheni Fichua Maovu, kilichoingia gesti na kamera na kutoka na fumanizi la ukurasa wa kwanza. Redio ikauchukua. Kwenye XXL ya Clouds FM, Soudy Brown alimpigia staa simu bila taarifa na kumbana kwa maneno yaliyosikika mtaani; kwenye Leo Tena, Septemba 2017, Diamond Platnumz alikaa akakiri mtoto wa Hamisa Mobetto ni wake. Clouds TV ikazaa Shilawadu, Shirika la Wambea Duniani, jina ambalo angalau halikumdanganya mtu.

Na ni Shilawadu, kipindi ambacho wasomi wengi wasingekubali kuonekana wanakitazama, kilichopata kipimo kikubwa kuliko vyote. Wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alikuwa kwenye mvutano na mchungaji mmoja maarufu wa jiji. Kulikuwa na video ya mwanamke aliyedai amezaa na mchungaji huyo. Waandaaji waliishika bila kuirusha, kwa sababu upande wa pili haukuwa umepatikana kujieleza. Usiku wa Ijumaa, Machi 17, 2017, Mkuu wa Mkoa aliingia ofisi za Clouds, Mikocheni, akiwa na askari wenye silaha, akitaka ijulikane kwa nini haikurushwa. Picha za kamera za ulinzi zikaenea nchi nzima. Nape Nnauye, yuleyule aliyetangaza kukatwa kwa matangazo ya Bunge mwaka uliotangulia, aliunda kamati, ikachunguza, akapokea ripoti. Machi 23 akaondolewa uwaziri, na alipotaka kuzungumza na waandishi hotelini siku hiyo, mtu aliyevaa kiraia alimchomolea bastola mbele ya kamera.

Nimelisimulia kwa kirefu kwa sababu ya jambo moja ambalo kelele za wiki ile zililifunika. Wambea walikuwa wamefuata kanuni. Walisema hawawezi kumweka mtu kizimbani hajasikilizwa. Aliyetaka kipindi kiende bila kanuni hiyo alikuwa mwenye dola.

Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2018, Makonda aliacha kuhitaji studio. Aliwatangazia wanawake waliotelekezwa na wanaume waliozaa nao wafike ofisini kwake. Walifika kwa mamia, na watoto mgongoni, kamera zikawapokea langoni. Wanaume waliitwa. Vipimo vya vinasaba vikatajwa. Marekani, Maury Povich aliishi miaka mingi kwa bahasha ya majibu ya DNA inayofunguliwa hewani, baba akiruka kwa furaha au mama akikimbilia nyuma ya pazia. Hapa mtu binafsi hawezi kuendesha kipindi hicho: Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 inaweka upimaji chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na maombi hupitia kwa mamlaka kama mahakama na ustawi wa jamii. Mkuu wa Mkoa lakini ana mamlaka, ana ukumbi, ana askari, na waandishi wanamfuata bila kulipwa tiketi ya ndege. Kipindi kilikuwa kimepata mwenyewe.

Sisemi Makonda ndiye aliyebuni. Rais John Magufuli alikuwa ameshatuzoesha kusimamisha msafara barabarani, kumpa bibi kipaza sauti na kumuuliza mkurugenzi palepale amefanya nini. Watu wakajifunza kuandika mabango na kusimama mahali dereva atakapowaona. Lakini ni Makonda, alipokuwa mwenezi wa CCM kuanzia Oktoba 2023 na baadaye Mkuu wa Mkoa wa Arusha, jirani zetu hapa, aliyeukamilisha mtindo: kero inasemwa, simu inapigwa, waziri anajibu kupitia spika uwanja mzima ukisikia. Televisheni za mtandaoni zinakata vipande, na kabla ya jioni vimefika Shirimatunda, Rombo, Muscat na kwa Mtanzania anayeendesha lori Marekani. Mwaka 2018 serikali ilizitaka televisheni hizo zilipie leseni, maombi na ada pamoja zikafika shilingi 2,100,000. Zilizobaki zilijifunza haraka maudhui yapi hayamletei mtu barua ya TCRA. Kiongozi akimfokea mtendaji wa kata ni salama, na hakuna gharama.

Tofauti na Springer iko hapa. Mgeni wa Springer aliweza kuinuka na kuondoka. Mlinzi wake alikuwa anatenganisha watu, hakuwa anakamata. Juu ya jukwaa la kero anayeuliza ndiye anayeamua na ndiye mwenye polisi, na yeye mwenyewe haulizwi. Afisa anayehojiwa anaweza kuwa mla rushwa kweli. Wapo, na wananchi wanaozomea hawazomei bure. Anaweza pia kuwa ni yule aliyekataa kupitisha kiwanja cha mkubwa. Ndani ya dakika nne, kwa sauti ile, hakuna awezaye kujua.

Najua jibu linalotoka hapa mlimani: tulikuwa na njia yetu bora. Desemba watu wakipanda kuja nyumbani, ukoo unakaa kihambani. Viti vya plastiki vinapangwa chini ya migomba, mbege inazungushwa kwa kata, na aliyemkosea nduguye anakuja na jani la isale mkononi kuomba yaishe. Kila mtu ana zamu ya kusema, na mkubwa wa ukoo anafunga kikao akijua kesho atawakuta walewale kwenye mfereji na kanisani. Ni kweli, na ni kitu ambacho kamera haina: mtu anayebaki na ugomvi baada ya maneno kwisha. Lakini tusijipake mafuta. Vikao hivyohivyo vimewaambia akina mama wangapi wavumilie? Akina kaka wamegawana vihamba mara ngapi dada zao wakiwa jikoni wanakoroga supu? Joyce Kiria alipoanzisha Wanawake Live kwenye EATV na kuwapa kiti wanawake waliopigwa, hakuwanyang'anya wazee kazi. Wale wanawake walikuwa wameshapita kwa wazee. Dada aliyenyamazishwa mara tatu chini ya mgomba ana haki ya kumtafuta mwenye kipaza sauti, hata kama anayekishika ana sababu zake.

Tukirudi kwa meku na swali lake. Nimejaribu kufuatilia mgogoro wa aina ile unakwenda wapi video ikishakatwa, na jibu ni kwamba unarudi ulikotoka. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, baraza la kata halihukumu tena kesi ya ardhi. Linasuluhisha, na likishindwa ndani ya siku 30 mlalamikaji anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha Mahakama Kuu. Huko hakuna anayeuliza uwanja ulimzomea nani. Wakili wa upande wa pili atauliza hati, mipaka na mashahidi, na neno lililotoka jukwaani si hukumu ambayo mtu anaweza kuikazia. Mama wa kitenge atahitaji nakala ya ramani, barua ya umiliki na saini. Vyote vinatoka ofisi ya ardhi, dawati lililo jirani na la yule aliyechukuliwa na polisi, kwa mwenzake ambaye naye aliiona video.